Haja, Hiari na Kipande

Hapana siku ipitayo bila ya mtu kuchagua. Huchagua chakula, kazi, rafiki na njia. Huchagua kusema au kunyamaza. Na hata yule akataaye kuchagua huwa amechagua kukaa kama alivyo. Kwa kuwa tendo hili ni la kila mtu na la kila saa, si ajabu kwamba elimu ya uchumi imelifanya kuwa msingi wa jengo lake. Lakini msingi ukiingia ufa, uzuri wa kuta hauilindi nyumba. Yafaa basi kuuliza: mtu akichagua jambo, je, huwa ametoa ushahidi wa kutosha juu ya lile alipendalo? Na ushahidi huo usipotosha, ni nani mwenye haki ya kuujaza?

Wanauchumi wamemchora mwanadamu kwa mistari michache. Humweka mbele ya vitu vingi, wakasema kuwa ana uwezo wa kuvipanga kwa daraja, kuanzia akipendacho zaidi mpaka akipendacho kidogo. Sharti lao kubwa ni kwamba mpango huo usijipinge: apendaye samaki kuliko nyama, na nyama kuliko kunde, hana budi kupenda samaki kuliko kunde. Kisha humtia katika mipaka ya fedha na wakati wake, wakasema kuwa atachagua lililo juu kabisa katika yale ayawezayo. Mwaka 1938 Paul Samuelson wa Marekani alizidi kuurahisisha mchoro huo. Alitaka elimu hii iache kuchungulia ndani ya moyo, mahali ambapo jicho la mtaalamu halifiki, itazame matendo peke yake. Mtu akitwaa hiki na kukiacha kile ilhali angaliweza kukitwaa, basi amekwisha kudhihirisha apendalo.

Mchoro huu una sifa ambayo haifai kunyimwa. Una adabu, kwa kuwa haumwambii mtu apende nini. Una usawa, kwa kuwa humpima tajiri na mchukuzi kwa kipimo kimoja, wala haumdhanii mmoja kuwa na akili na mwingine kuwa na silika tu kama mnyama. Tena una akiba ya busara, maana maneno ya watu ni mengi na matendo yao ni machache, na mtu aweza kusifu ukarimu mchana kutwa na asitoe senti moja. Kosa halimo katika mchoro wenyewe. Huingia pale msomaji anaposahau nusu ya pili ya sentensi, yaani yale maneno "ilhali angaliweza". Chaguo ni mtoto wa wazazi wawili: mmoja ni pendo na mwingine ni nafasi. Amtazamaye mtoto na kumjua mzazi mmoja tu aweza kudai kwamba kila sura ya mtoto imetoka kwa huyo.

Mfano wa jambo hili upo katika pwani yote ya kaskazini, kutoka Moa mpaka Pangani. Wavuvi wa pweza hutembea juu ya miamba siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba ukawa wazi. Siku za maji mafu mwamba haufunuki vema, na mvuvi hukaa nyumbani akatengeneza mshipi au akalima. Mgeni wa bara aliyejaliwa daftari na kunyimwa elimu ya bahari angehesabu siku za mvuvi kazini na siku zake za nyumbani, kisha angeandika kwamba watu wa pwani hupenda kupumzika karibu nusu ya mwezi. Hesabu yake ingekuwa sahihi na neno lake lingekuwa la uongo. Angekuwa amesoma desturi ya mwezi na maji akaiita tabia ya watu.

Kosa la namna hiyo hiyo lilitendwa Tanga, tena kwa kipimo kikubwa, na halikuishia katika daftari. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Katika miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa upande wa Pangani. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga kuelekea Muheza, nayo ilifika Moshi mwaka 1911. Mkonge ulistawi pande zote za reli, na Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa wingi wa singa. Lakini mkonge una miiba, jua la shambani ni kali, na mashine ya korona haingoji. Watu wa karibu, yaani Wabondei, Wadigo, Wasegeju na Wazigua, walikuwa na minazi, mihogo na samaki wao. Wengi waliona afadhali kuyauzia mashamba chakula kuliko kuyauzia migongo yao. Ndipo wenye mashamba walipolia kwamba hakuna watu, na katika kilio hicho ikazaliwa nadharia.

Nadharia hiyo ilisema hivi. Mwafrika ana haja chache. Akishapata fedha ya kodi na ya nguo moja, moyo wake umeshiba. Kwa hiyo ukimzidishia ujira hutamzidishia juhudi, bali utamwezesha kuifikia shabaha yake mapema na kurudi kwao mapema. Ulaya, walisema, ujira mkubwa huita kazi nyingi. Afrika ujira mkubwa hufukuza kazi. Fikira hii ilienea miongoni mwa walowezi na maofisa, na baadaye ilipata vazi la kitaalamu. Mholanzi J. H. Boeke, aliyejifunza mambo ya Indonesia, aliandika mwaka 1953 juu ya nchi zenye chumi mbili, akaeleza kwamba katika uchumi wa wenyeji haja za watu zina kikomo cha karibu. Katika michoro ya wanauchumi, mstari wa kazi uliopanda pamoja na ujira ulifika mahali ukapinda na kurudi nyuma.

Faida ya nadharia hii kwa aliyeishika ilikuwa dhahiri. Ilimwezesha mwajiri kulipa kidogo na dhamiri yake ikalala usingizi, maana iligeuza ubahili kuwa elimu. Na kwa kuwa ujira haukutarajiwa kuwavuta watu, ilibidi watafutwe kwa njia nyingine. Serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, kuanzia mwaka 1907 watu walipewa kadi zilizowataka wafanye kazi kwa walowezi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliokwisha kupangwa. Wakati wa Waingereza waajiri waliunda mwaka 1944 shirika la kutafuta vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU, likawaleta watu kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na kwingineko. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa namba ndiyo iliyowatambulisha. Kibarua alikuwa na kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama, na kipande kilipojaa ndipo alipolipwa mshahara wa mwezi.

Kipande ndicho kilichokuwa shahidi mkuu wa nadharia. Siku ambazo hazikutiwa alama zilihesabiwa, na jumla yake ikaitwa uvivu. Hapakuwa na nafasi ya kuandika kwamba siku ile mtu alikuwa na homa, au alikwenda kulima kijishamba cha mahindi kwa kuwa posho haikutosha, au mwili ulikataa baada ya siku kadhaa za kukata majani yenye ncha kama sindano. Karatasi ilikuwa na neno moja tu la kueleza kutokuwapo, na neno hilo lilikuwa ni weupe wa karatasi. Weupe huo msomaji aliujaza kwa wino wake mwenyewe.

Je, ni kweli kwamba watu wa nchi hii walikuwa na haja chache? Historia ya pwani ile ile inajibu, na jibu lake ni la zamani kuliko mkonge. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, bafta iliyofumwa Massachusetts iliingia Unguja na kuvuka mpaka Pangani na barani, ikapendwa hata ikabaki na jina la merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipopunguza nguo hiyo, wafumaji wa Uingereza na India walijitahidi kuiga uzito na mfumo wake, kwa sababu mnunuzi wa Afrika Mashariki hakukubali kila kitambaa. Misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilibeba shanga za rangi na ukubwa mbalimbali, na rangi iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa mahali pengine. Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson alikawia Taveta akitungisha upya shanga zake, kwa kuwa hazikuwa katika urefu ambao Wamasai waliukubali. Hivyo ndivyo walivyokuwa watu walioambiwa kuwa haja zao ni chache: watu waliomlazimisha mgeni kuketi na kufungua uzi wake.

Hata kanga yenyewe ni hoja. Kwa miaka mingi vitambaa hivyo vilipigwa chapa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, lakini mapambo yake, na baadaye majina yake, yalifuata matakwa ya wanawake wa Unguja, Mombasa, Tanga na miji mingine ya pwani. Kanga iliyokuwa fahari ya Idi hii yaweza kuwa dekio la Idi ijayo. Mfanyabiashara aliyedhani kwamba mwanamke wa pwani akishakuwa na doti moja ametosheka, hakudumu katika biashara. Ni ajabu basi kwamba katika mji mmoja wa Tanga, mwenye duka aliamini kuwa haja za watu hazina mwisho, na mwenye shamba la mkonge aliamini kuwa haja za watu hao hao zilikwisha mapema. Mmoja alikuwa akiuza, na mwingine alikuwa akilipa.

Kurudi kwa kibarua nyumbani mapema kuna maelezo yasiyohitaji moyo wenye haja chache. Mtu aliyetoka Uha alikuwa ameacha kwao mke, mji na zamu ya kulima. Kila mwezi wa Tanga ulikuwa na bei, na bei hiyo haikuandikwa katika kipande. Alikuja na shabaha: kodi, mahari, nguo, labda baiskeli. Alipoifikia alirudi mahali ambapo kazi yake ilikuwa na thamani kubwa zaidi. Huyo alikuwa akipima kwa mizani ile ile ambayo wanauchumi humsifu mfanyabiashara wa London kwa kuitumia. Mwaka 1961 mwanauchumi Elliot Berg aliutazama mstari huu unaopinda, akatenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa: mtu mmoja aweza kupunguza miezi yake ya kazi ujira ukipanda, lakini ujira huo huo huwaita watu wengine ambao hawakuwapo. Aliyeapa kwa tabia ya mtu mmoja juu ya nchi nzima alikuwa amehesabu waliotoka mlangoni, akasahau walioingia.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kwa sheria, na ujira wa mashamba ulipanda. Kama nadharia ingalikuwa ya kweli, mashamba yangalibaki matupu. Ilivyotokea ni kinyume: watu walizidi kudumu kazini, na waliopunguza idadi ya vibarua walikuwa waajiri wenyewe. SILABU ilifungwa katikati ya miaka ya 1960, haja ya kwenda mbali kutafuta watu ilipokwisha. Ni kweli kwamba mambo mengi yalibadilika pamoja katika miaka hiyo: vyama vya wafanyakazi vilipata nguvu, na baada ya mwaka 1964 bei ya singa ilianguka. Tukio moja haliwezi kufunga kesi. Lakini latosha kuonyesha kwamba kilichoitwa tabia ya kudumu ya watu kilikuwa, kwa sehemu kubwa, sura ya ujira wenyewe uliojitazama katika kioo.

Mpaka hapa hoja ni nyepesi kiasi: mipaka isidhaniwe kuwa mapenzi. Ipo hoja nzito zaidi. Mipaka haimzuii mtu kwa nje tu. Ikikaa sana huingia ndani, ikajenga makao katika mapenzi yenyewe. Watoto wa pwani hufundishwa jambo hili katika hadithi ya Sungura, aliyerukia matunda hata akachoka, kisha akaondoka akisema, "Sizitaki mbichi hizi." Mwanafalsafa Jon Elster wa Norway alikitungia kisa hicho cha kale kitabu kizima mwaka 1983. Alionyesha kwamba mtu aweza kuacha kutaka kile asichoweza kukipata, bila ya yeye mwenyewe kujua kwamba ameacha kwa sababu hiyo. Mchoro wa Samuelson hauna la kusema hapa, kwa kuwa Sungura aliyeshiba na Sungura aliyekata tamaa hupita chini ya mti ule ule kwa mwendo ule ule.

Wapo waliojaribu kulikwepa swali hili. Mwaka 1977 George Stigler na Gary Becker wa Chicago walitoa hoja kwamba mapenzi ya watu yachukuliwe kuwa hayabadiliki wala hayatofautiani sana, na kwamba tofauti zote zielezwe kwa bei, mapato na ujuzi. Hoja hiyo ina dawa ndani yake. Ingaliwaponya wenye mashamba, kwa kuwa ingaliwakataza kusema "tabia yao" kabla ya kutazama ujira wao. Lakini dawa ikizidi kipimo hudhuru. Fikiria mtoto aliyezaliwa katika kambi ya manamba, baba akiitwa kwa namba, asione mwenziwe hata mmoja aliyekwenda shule. Akisema kwamba shule haimpendezi, elimu ya bei itamwamini upesi kupita kiasi. Tunda analolikataa hakupewa hata nafasi ya kulirukia.

Hapo ndipo hatari ya pili inapojificha, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza kwa kuwa huvaa nguo za rehema. Ikiwa chaguo la mtu si ushahidi kamili, na hata pendo lake laweza kuwa limepindwa na dhiki, basi mwenye hekima au mwenye madaraka huona kwamba ameruhusiwa kuchagua kwa niaba yake. Milima ya Usambara yalijua jambo hili katika miaka ya 1950, Waingereza walipowalazimisha Wasambaa kulima matuta ili kuhifadhi udongo. Udongo ulikuwa ukiharibika kweli. Lakini wakulima, hasa wanawake waliobebeshwa kazi ile, walijua gharama ambayo ofisi haikuijua, na mpango ulishindwa. Mtawala alisoma ukaidi mahali palipoandikwa hesabu.

Wala kosa hili si la wageni peke yao. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya uhuru na maendeleo, akafundisha kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe. Mwaka 1973 serikali yake iliamua kwamba kuishi katika vijiji kuwe amri kwa watu wote mpaka mwisho wa mwaka 1976, na mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu. Nia ya shule, maji na zahanati ilikuwa njema. Lakini mkulima aliyekataa kuhama hakuulizwa kama alikataa maji au alikataa kuacha minazi iliyopandwa na babu yake. Kukataa kwake kulisomwa kuwa ujinga, kama vile zamani kupumzika kwa kibarua kulivyosomwa kuwa uvivu. Mwenye shamba alisema, "Najua hawataki zaidi." Mtawala alisema, "Najua watakachokitaka baadaye." Wote wawili walimjua mtu bila ya kumwuliza.

Yaweza kupingwa kwamba kuuliza nako hakuna mwisho wala uhakika: mtu aliyepindwa na dhiki atajibu kwa ulimi uliopindwa. Pingamizi hilo ni la haki, lakini halimpi mwingine ruhusa ya kujibu badala yake. Linadai jambo gumu zaidi, yaani nafasi ipanuliwe kwanza, ndipo chaguo lisomwe. Shule iwe karibu, ndipo isemwe nani hapendi shule. Ujira uwe wa haki, ndipo isemwe nani hapendi kazi. Na kukataa kusiwe na adhabu, maana "ndiyo" ya mtu asiyeweza kusema "hapana" haina uzito wowote katika mizani. Hata hapo hukumu iwe ya muda, iliyo tayari kusahihishwa, kwa sababu mtu aliyepewa nafasi mpya huwa anajifunza mwenyewe kile akitakacho, na somo hilo hakuna awezaye kumsomea.

Kwa hiyo vielelezo vya uchumi visitupwe, wala visiabudiwe. Ni vyombo vya kusafiria, na nahodha mwema huijua jahazi yake mahali inapovuja. Mwanafunzi atakayepewa kesho jedwali la siku za kazi za wavuvi, la mauzo ya wakulima au la mahudhurio ya watoto, atakuwa amepewa kipande cha zama zake. Nafasi tupu zitakuwamo. Kabla ya kuandika ndani yake neno "hawataki", yampasa kuuliza maji yalikuwa ya bamvua au mafu, ujira ulikuwa kiasi gani, nani aliyekuwa mlangoni, na kukataa kulikuwa na bei gani. Wahenga walisema kwamba hiari yashinda utumwa. Walijua kwamba kazi ile ile, kwa mikono ile ile, ni vitu viwili mbalimbali kwa kadiri ya mlango uliokuwa wazi nyuma ya mfanyaji. Daftari laweza kuhesabu kazi. Mlango hauhesabiki mpaka mtu asimame na kuutafuta.